Mwalimu Bado

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye cheti cha ndoa na kwenye daftari la mahudhurio ya walimu, na huko ndiko lilikobaki. Shule nzima, kuanzia mwalimu mkuu hadi mlinzi wa getini, ilimwita Mwalimu Bado, na mwenyewe aliitika bila kununa. Jina alilipata kihalali. Kwa miaka ishirini na sita alifundisha darasa la tatu kuimba na kupiga filimbi, na katika miaka hiyo hakuna neno lililomtoka mdomoni mara nyingi kama hilo. Mtoto anasimama, anapuliza, anashusha filimbi, anamtazama. "Bado." Mtoto anarudia. "Bado." Hakulisema kwa ukali wala kwa kejeli. Alilisema kama mtu aliyefunua sufuria na kukuambia maji hayajachemka.

Na akisema "vizuri", basi jua ni vizuri kweli. Mtoto aliyeambiwa vizuri alikuwa na ruhusa ya kuchora nyota moja nyuma ya daftari lake la muziki, mwenyewe, kwa rangi anayoitaka. Wapo watu wazima wenye ndevu na mikopo ya nyumba ambao mpaka leo wanalo daftari hilo kabatini. Nyota tatu kwa mwaka mzima zilikuwa si haba. Ukipata tano, kwenu wanapigiwa simu ndugu wa mbali kuelezwa.

Nieleze hizo filimbi kwanza, maana mtu akisikia filimbi anamfikiria refa. Hizi ni zile ndefu za plastiki, rangi ya maziwa, zenye matundu saba mbele na moja nyuma kwa ajili ya kidole gumba. Mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Ukiziba matundu sawasawa na kupuliza polepole, inatoa sauti tamu. Ukiacha upenyo mdogo tu, au ukipuliza kwa pupa, inapiga ukelele wa kutoboa fuvu. Sasa zidisha mara arobaini na mbili, maana watoto walikuwa arobaini na wawili, kila mmoja na filimbi yake iliyofungwa uzi wa rangi yake ili mate ya huyu yasiingie kwa yule.

Chumba chao kiliwahi kuwa stoo ya madawati mabovu. Kilikuwa na dirisha moja, ubao wenye mistari mitano iliyochorwa kwa rangi isiyofutika, mabeseni mawili ya kuoshea filimbi na waya wa kuzianikia. Ukuta wa kushoto ulikuwa wa mbao nyembamba, na upande wa pili wa mbao hizo alikuwepo mwalimu wa hesabu wa darasa la sita. Huyo tutamrudia, maana aliteseka.

Muziki wenyewe Bado hakuusomea. Aliajiriwa kufundisha kusoma na kuandika. Mwalimu wa muziki akahama, akaacha boksi la filimbi na kijitabu cha mafunzo, na mwalimu mkuu wa enzi hizo akazungusha macho ofisini akitafuta wa kumtwisha. Yeye alikuwa mgeni asiye na mtetezi, tena amekaa karibu na mlango. Basi akajifunza jikoni kwake, jioni baada ya jioni, kijitabu kikiwa kimeegemea kopo la sukari. Yeye na mumewe, fundi wa majokofu, walikuwa na miezi minne ya ndoa. Mume alikuwa akibeba kiti chake anahamia uani, na jirani akiuliza kuna nini humo ndani, anajibu kwamba mke wake anamwogesha paka. Miezi mitatu mizima Bado alijifunza akiwa ameweka mkono wa kulia juu, mpaka siku alipoitazama vizuri picha ya kijitabuni na kugundua kwamba kila kitu amekijua kinyume. Akalia kidogo, akanawa uso, akaanza upya. Ndiyo maana hakuwahi kuwa na haraka na mtoto wa mtu.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuna aliyeubadilisha. Kwanza wimbo unaimbwa mpaka mtoto anaweza kuuimba huku anafunga kamba za viatu. Kisha anaamuru, "Kidevuni," na filimbi zote zinawekwa kidevuni, mdomo uko huru, vidole vinatembea juu ya matundu huku watoto wakiimba mi, re, do. Mwisho kabisa ndipo anasema, "Mdomoni," na hapo nusu ya shule inajikaza. Aliwaambia wapulize kama mtu anayetaka kutia ukungu kwenye kioo cha dirisha. Wimbo wa kwanza aliutunga mwenyewe, wa sauti tatu tu, habari ya mtu aliyeanika nguo anaiomba mvua isubiri kidogo. Vizazi vya watoto vimepitia wimbo huo wa mvua.

Basi, mwaka ninaousimulia, Mwalimu Bado alipata darasa la ajabu.

Alianza kuona mwezi wa pili. Zile kelele za miaka yote, hamna. Watoto wanapuliza, sauti inatoka laini, imetulia kama maji ya mtungini. Mwanzoni hakuamini. Aliwarudisha nyuma, akawachanganya, akawasimamisha mmoja mmoja, lakini wapi, kila mtoto safi. Alirudi nyumbani siku hiyo amejaa furaha mpaka kooni, akamwambia mumewe kwamba baada ya miaka yote hii hatimaye amejua kufundisha. Akaanza kusema vizuri. Mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa siku, halafu zikawa zinamwagika tu. Watoto wa darasa la nne, waliotoka mikononi mwake na nyota zao mbili mbili, walisikia habari hizo wakaona wamedhulumiwa. Wengine walisema mama wa watu anazeeka, amelainika.

Aliyeongoza kwa nyota alikuwa msichana mmoja mdogo wa umbo, aliyeng'oka meno mawili ya mbele mwezi wa kwanza na mengine yakachelewa kuota. Wenzake wakamwita Pengo, naye akalipokea jina kama amepewa zawadi. Pengo alikaa wima, mabega chini, viwiko mbali na mbavu, vidole vimejipanga kama ile picha ya kijitabuni. Kumtazama tu ulikuwa unashiba. Alikuwa na nyota kumi na tisa, na mama yake, muuza vitambaa, hakuna mteja aliyetoka dukani pale bila kuonyeshwa daftari.

Mambo mengine yalikuwepo, lakini kila moja Bado alilipatia sababu. Birika la jikoni, lile lenye kipenga, liliungua mara mbili juu ya jiko. Akasema siku hizi vipenga vinatengenezwa ovyo. Nyenje wa uani walinyamaza. Akasema ni dawa ya mbu aliyopuliza jirani. Mumewe alianza kuongea kama mtu mwenye maji mdomoni, na Bado alimwambia wazi kwamba uzee unamwingia kupitia meno. Mzee wa watu hakubishana. Akazoea kugonga meza kidogo kabla ya kusema neno, na kuhakikisha amekaa mbele ya mkewe.

Na mwalimu wa hesabu? Hao wawili walitaniana miaka kumi na tano. Ikifika mwezi wa tatu kila mwaka, yeye hugonga ukuta mara tatu, na Bado hujibu kwa kugonga mara mbili, maana yake vumilia. Mwaka huo aligonga mpaka mbao zikalegea. Siku moja aliingia ofisi ya walimu na vipande vya pamba vimechomoza masikioni, akamuuliza Bado, ambaye alizoea kumwita dada, mwaka huu anafuga ndege wa aina gani humo ndani. Bado alicheka mpaka akashika meza. Akamjibu kwamba hesabu zimemharibu masikio.

Mwalimu mkuu alipotangaza siku ya wazazi, Bado alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimpanga mtoto wa darasa la tatu apige peke yake, wimbo mzima, mbele ya watu. Mtoto huyo ni Pengo, nani mwingine. Wiki mbili kabla, shule yote ikakusanywa ukumbini kwa mazoezi, madarasa saba, wadogo chini sakafuni na wakubwa kwenye mabenchi nyuma. Pengo akapanda jukwaani na soksi zake nyeupe. Akaweka vidole. Akapuliza.

Bado aliona kila kitu. Aliona vidole vinaanguka mahali pake kwa wakati, kifua kinapanda na kushuka, macho yako mbele. Kisha akaona mabenchi ya nyuma yanatikisika. Watoto walikuwa wanacheka, wameinamiana mabegani, wengine wameziba masikio, na hata walimu wawili walikuwa wamegeuza nyuso. Damu ikamchemka. Alipanda jukwaani, akaifokea shule nzima, akasema hajawahi kuona utovu wa adabu wa namna hiyo, wivu umewajaa, na kwamba mtoto huyu amepiga vizuri sana. Halafu, maskini, akamgeukia Pengo, akamwambia arudie ili wasikie vizuri.

Na Pengo akarudia. Mwalimu amesema, kwa nini asirudie? Safari hii ukumbi haukuwa na mbavu. Katikati ya wimbo mtoto aliacha, akaishusha filimbi, akamtazama mwalimu wake usoni kwa muda mrefu. Hakulia. Alishuka ngazi moja moja akaenda kukaa na wenzake.

Kengele ilipolia, Bado alikuwa kwenye chumba cha muziki anapanga madaftari kwa hasira. Pengo akaja akasimama mbele yake, kwa kuwa mlangoni aliita mara mbili bila kujibiwa. Akaweka filimbi yake mezani.

"Mwalimu, kwani hukusikia?"

"Kusikia nini, mwanangu?"

"Ilikuwa inapiga kelele. Mwanzo mpaka mwisho."

Bado aliichukua ile filimbi, akaigeuza mkononi. Mtoto akauliza swali la pili, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa. Je, na zile siku nyingine zote ilikuwa inapiga kelele hivyo hivyo? Bado akamwambia aende akacheze.

Alikaa kwenye kiti mpaka madirisha ya madarasa mengine yakafungwa. Kisha akaenda mlango wa pili. Mwalimu wa hesabu alikuwa anafuta ubao. Akamwomba, bila utani hata chembe, amwambie ukweli kuhusu mwaka huu. Yule bwana aliweka dasta chini, akafuta mikono kwenye suruali, akasema kwamba kelele za mwaka huu hajawahi kuzisikia tangu azaliwe, na zilianza mwezi wa pili, na haziishi.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umechoka, dada. Nikasema unasubiri kustaafu, acha umalizie kwa amani."

Neno hilo lilimchoma kuliko kicheko cha ukumbi. Miaka ishirini na sita, na mtu aliyemjua kuliko wote pale shuleni aliamini kwamba anawapaka watoto mafuta kwa mgongo wa chupa. Akaleta filimbi, akampa, akageukia ukuta. Akamwambia apulize, naye kila akisikia atanyoosha mkono. Mwalimu wa hesabu hakuwahi kufundishwa filimbi, kwa hiyo ukelele ulimtoka bila shida. Bado alinyoosha mkono mara moja, akasubiri sana, akageuka kumuuliza mbona haanzi. Yule bwana alikuwa amekaa kwenye dawati la mwanafunzi, kichwa kimeinama. Alikuwa amepuliza mara saba.

Usiku kwake hakula. Mumewe akagonga meza, akaja kukaa mbele yake, na Bado akamtazama akigonga, na hapo ndipo alipoelewa kugonga huko kulianza lini na kwa sababu gani. Alimuuliza kama alijua. Alijua. Alijua tangu birika la kwanza. Alinyamaza kwa sababu aliogopa kwamba siku atakayomwambia, siku hiyo hiyo Bado ataacha kazi, na bila kazi ile hakujua mke wake atakuwa nani. Bado alikasirika, tena sana, akamwambia maneno ambayo kesho yake aliyaombea radhi. Kisha akalia, na fundi wa majokofu akashika mikono yake mpaka chai ikapoa.

Daktari wa masikio alimfungia ndani ya kijichumba, akampa kitufe cha kubonyeza kila akisikia mlio. Alibonyeza mwanzoni, halafu akakaa na kidole hewani. Karatasi ilipotoka, mstari ulianza vizuri upande wa kushoto na kuporomoka upande wa kulia kama ngazi iliyovunjika. Sauti nene anazo, daktari alisema, lakini nyembamba za juu zimeondoka, na hazirudi. Ndiyo maana aliisikia filimbi lakini hakuusikia ukelele wake. Vipo vifaa vya kuvaa, vitamsaidia, ila asitegemee masikio ya ujanani. Bado akauliza swali moja tu, kama akivaa hivyo vifaa ataweza kumtofautisha mtoto aliyeziba tundu na mtoto asiyeziba. Daktari alisema kwa kweli hajui, hajawahi kuulizwa.

Angeweza kunyamaza. Alibakiza miaka miwili na nusu astaafu. Mwalimu wa hesabu alikuwa tayari kumfichia siri, hata alijitolea kugonga ukuta kila mtoto atakapokosea, na nadhani hakuna msaada wa kijinga na wa upendo zaidi ya huo. Bado alikataa. Alipiga moyo konde, akaenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akaeleza yote toka mwezi wa pili.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole anayewaogopa wazazi. Mama yake Pengo alishafika pale ofisini na daftari lake, akitaka kujua nyota kumi na tisa ni za nini kama mtoto wake anachekwa na shule nzima. Mwalimu mkuu akasema kwa upole kwamba maktaba inahitaji mtu, kazi tulivu, kivulini. Bado akamwambia asimpe maktaba kwanza. Avae vifaa, apewe wiki tatu avizoee, kisha mwalimu mkuu aje akae nyuma ya darasa. Kama kuna ukelele mwalimu mkuu atakaousikia na yeye asiusikie, atahamia maktaba siku hiyo hiyo bila kusindikizwa. Wakakubaliana, na siku ya wazazi darasa la tatu likaimba tu, bila filimbi.

Vifaa vyenyewe vilikuwa viwili, vidogo kama punje za maharage, na siku za kwanza vilikuwa adhabu. Karatasi zilipokunjwa zilimkwaruza ubongo. Jokofu la nyumbani lilinguruma mpaka akamwambia mumewe aone haya, fundi mzima. Halafu akaingia darasani, akasema "Mdomoni," na kwa mara ya kwanza toka mwaka uanze akalisikia darasa lake la ajabu. Alishika ukingo wa meza. Ilikuwa balaa. Upande wa pili wa ukuta mwalimu wa hesabu aligonga mara tatu, na Bado, machozi yanamtoka, hata mwenyewe hakujua ni ya kicheko au ya nini, akagonga mara mbili.

Pengo peke yake hakupuliza. Tangu ukumbini alikuwa akiambiwa "Mdomoni" anaacha filimbi kidevuni, anatembeza vidole, anatazama dirishani. Bado hakumlazimisha.

Siku ya mwalimu mkuu ikafika. Alikaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yamepanda karibu na kidevu, daftari mkononi. Bado hakuanza na wimbo. Alisimama mbele, akasogeza nywele, akawaonyesha watoto vile vifaa, sikio la kulia na la kushoto. Akawaambia kwamba toka mwezi wa pili alikuwa hasikii sawasawa na hakujua. Alikuwa anatazama vidole, na mtu aliyekaa vizuri alimwambia vizuri. Kwa hiyo nyota zote za mwaka huu zinafutwa. Kosa si lao, ni lake, na anawaomba radhi.

Likazuka zogo. Mmoja mwenye nyota kumi na mbili akaangua kilio. Mwingine akataka kujua itakuwaje kwa baiskeli aliyoahidiwa nyumbani kwa ajili ya nyota. Lakini wakafuta. Aliyechora kwa penseli akatumia kifutio, aliyechora kwa kalamu akapiga mstari. Pengo hakufuta chochote. Alisema zake alishazifuta siku ile ile ya ukumbini, alipofika nyumbani.

Kisha Bado akaanza kuwasimamisha mmoja mmoja. Kazi ilikuwa ngumu, alisikiliza mpaka shingo ikamkakamaa. Kidole gumba, bado. Umepuliza kwa pupa, bado. Hapo umeimeza re, bado. Mwalimu mkuu alikuwa anaandika. Kila "bado" ilipotoka, watoto walitazamana, na polepole nyuso zao zikaanza kuchangamka, maana hili ndilo neno walilokuwa wakilisikia kwa kaka na dada zao, na wao mwaka mzima hawakuwahi kuambiwa. Zamu ya Pengo ilipofika, alisimama filimbi ikiwa kidevuni.

"Utanisikia?" aliuliza.

"Nitakusikia. Nikikosa kukusikia, leo ndiyo mwisho wangu humu."

Hakusema hivyo kumtisha mtoto. Aliona tu kwamba kumdanganya mara ya pili haiwezekani. Pengo akamtazama mwalimu mkuu kule nyuma, akamtazama mwalimu wake, akapandisha filimbi mdomoni. Mi, re, do. Bado alikuwa amefumba macho makusudi. Alingoja mpaka pumzi ya mwisho ikaisha.

"Mi imetoka safi. Re imetoka safi, ila umeikata mapema. Do imepiga kelele, kidole cha pete hakijaziba. Bado."

Pengo akaketi. Alikuwa anatabasamu, pengo lote nje. Nyuma kule mwalimu mkuu alitazama alichoandika, akafunga daftari. Kengele ilipolia alijikunjua kwa shida kutoka kwenye kile kiti, akapita karibu na Bado, akasema kwamba yeye hata hiyo ya re kukatwa mapema hakuisikia, na kwamba maktaba itatafutiwa mtu mwingine. Bado aliitikia kwa kichwa.

Watoto wakatoka kwa fujo, na korido nzima ikajaa habari kwamba Bado amerudi. Yeye akamwaga maji ya sabuni kwenye beseni, akageukia ukuta, akaanza kuosha filimbi moja moja kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Maji yalipiga kelele kwenye vile vifaa, miguu ilikuwa inakimbia nje, mtu anaburuta benchi. Katikati ya hayo yote akasikia nyuma yake mi, ndefu, imetulia. Halafu re, haikukatwa. Halafu do, imezibwa kotekote, haina hata chembe ya ukelele. Hakuona kidole cha mtu. Hakujua hata kama kuna mtoto aliyebaki chumbani.

"Vizuri," alisema, bila kugeuka.

Kisha akasikia, na hiyo pia aliisikia, mkoba unafunguliwa na kalamu zinamwagika sakafuni.

"Ngapi, mwalimu?"

"Chora moja," alisema Mwalimu Bado, akachukua filimbi nyingine.